Kuziba viungo vya motokari ya zamani: chunga kifua chako na watoto wako

Ndugu mfanyakazi, wengi kati yetu wanatengeneza motokari ya zamani ndani ya lupango siku za pumziko. Tuchukue mfano wa Peugeot 404, iliyotengenezwa Ufaransa toka 1960 hadi 1975. Mwili wake ni mabati yaliyopandana na kushikwa kwa sudire ya nukta nukta. Kati ya nukta na nukta kunabaki mwanya. Maji yanaingia pale, na kutu inakula bati kutoka ndani.

Mwanya huo unapitisha pia moshi wa mota. Ndani ya moshi kuna gesi ya kaboni monoksidi. Haionekani, haina harufu. Inaumiza kichwa, inaleta kichefuchefu, inaweza kuua. Bibi na watoto wanaokaa nyuma wanaivuta pamoja nawe. Basi tengeneza kwanza bomba ya moshi iliyotoboka, kisha ziba viungo kwa mastiki.

Lakini kazi yenyewe ina hatari zake. Fuata haya:

1. Sudire kwanza, mastiki nyuma. Mastiki ikishikwa na moto inatoa moshi wa sumu.

2. Viungo vingine vya zamani vilijazwa madini ya risasi, na rangi ya zamani inaweza kuwa nayo. Usisage kwa mashini. Lowanisha, kwangua kwa mkono, vaa maski yenye chujio; kitambaa hakitoshi. Vumbi la risasi linaharibu ubongo wa mtoto. Watoto wakae mbali. Usifagie pakavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Mama, nguo za kazi hiyo zifue peke yake.

3. Ondoa kutu yote, futa mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Mastiki juu ya kutu ni sawa na kufunga bandeji juu ya kidonda chenye usaha: inaoza chini.

4. Mastiki ya poliuretani ina isosianati, na kabla haijakauka inaweza kuleta pumu. Paka mahali penye upepo, na glavu mikononi. Ukibanwa kifua au ukikohoa, acha kazi, nenda dispansere. Mwili ukiisha kuikataa, hata kidogo kinatosha kukurudishia ugonjwa.

5. Usinawe kwa esanse, maana inapita katika ngozi. Pangusa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Mastiki ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15, halafu uende kwa mganga.

6. Silikoni ya madirisha inayonuka siki usiitumie: inaleta kutu, na rangi haishiki juu yake.

7. Matundu ya chini ya milango yaache wazi. Yanatoa maji.

Mastiki ikikauka, mwaga maji juu ya motokari, mwingine akae ndani aangalie yanapopenya. Ziba tena pale kabla ya mvua. Motokari inaweza kungoja Jumapili nyingine. Kifua hakina kipuri.