Kabla ya Kununua Kiwanja Chunya, Uchunguze Udongo

Mfanyakazi wa Mbeya aliyejiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, akisikia kuwa Chunya kuna kiwanja karibu na barabara, huuliza bei, maji na umeme. Ni nadra kuuliza ardhi ile ilifanya kazi gani kabla yake. Kwingineko swali hilo lingeonekana la ziada. Chunya ndilo la kwanza.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 maelfu ya wachimbaji walikuwa wametapakaa mabondeni kwa sururu na makarai. Walichimba, wakahama. Mashimo yao mengine yalifukiwa na mvua, mengine na watu, na nyasi zikaota juu yake. Uchimbaji ungali ukiendelea, na mashimo mapya yanaongezeka. Nyumba ikijengwa nusu juu ya ardhi isiyoguswa na nusu juu ya kifusi, upande mmoja hutitia mvua zinapoingia, na ukuta hupasuka kuanzia kona ya dirisha.

Fundi mzoefu huanza kwa jembe tu. Huchimba shimo la kina cha goti, kisha huurudisha humo udongo uleule. Udongo uliokuwa umeshikamana hubaki ukifanya tuta, kwa kuwa umefumuka. Kifusi cha zamani huenda kisijaze hata shimo lake. Hicho si kipimo cha maabara, wala hakitoshi kwa ghorofa, lakini humpa mnunuzi sababu ya kumwita mtaalamu au kwenda zake. Aidha, udongo mweusi wa mbuga, unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi, haufai kwa msingi mfupi.

Kuna hatari nyingine isiyopasua ukuta. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake huenea, na sehemu ya zebaki hubaki katika mabaki ya mchanga yaitwayo marudio. Marudio hayohayo huweza kuoshwa tena kwa sayanidi. Mchanga huo ni laini na humvutia mpiga lipu, lakini ni yule mtoto anayetambaa uani atakayeutia kinywani. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mkataba, hata hivyo, hauondoi zebaki iliyokwisha kumwagika. Kiwanja kilichokuwa mwalo wa kuoshea dhahabu, kwa maoni yetu, si mahali pa kuchimba kisima wala kupanda mchicha, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Hali kadhalika, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaifanya ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hatimiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, na madini yaliyo chini si sehemu yake. Mwenye leseni ya uchimbaji aweza kubisha hodi baadaye. Taratibu za fidia zipo, lakini ni heri kuuliza mapema katika ofisi ya ardhi ya halmashauri na kwa Afisa Madini Mkazi.

Dalali hatakuonyesha palipokuwa na shimo. Jirani mzee atakuonyesha. Naye muuzaji akikubali kona zote nne zichimbwe kabla ya fedha kuhesabiwa, mazungumzo ya bei yaweza kuanza.