Unanunua Noah Iliyotumika? Kagua Kwanza, Utume Pesa Baadaye

Familia ikiongezeka, wengi hutafuta Toyota Noah au Voxy: viti saba au nane, na milango ya kuteleza inayofaa watoto. Lakini picha tamu mtandaoni si gari. Usikubali kuharakishwa kutuma arbuni kabla ya haya:

1. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Liwashe mwenyewe likiwa baridi. Moshi wa samawati usioisha ni dalili kwamba injini inakula oili.

2. Fungua na ufunge milango ya kuteleza mara kadhaa. Kaa kiti cha nyuma kabisa, uvute kila mkanda.

3. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

4. Tafuta rekodi za gari NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na nambari ya chesisi ilingane na iliyo kwenye gari. Ukiona jina la benki pia, huenda kuna mkopo. Umalizwe kwanza.

5. Kabla hujakamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya shemeji yangu", simama hapo.

Kumbuka, SMS ya malipo ni ushahidi kwamba umelipa, si umiliki. Andikianeni mkataba, na muuzaji aanzishe uhamisho kwenye eCitizen nawe uukubali kabla hujamaliza kulipa. Hifadhi SMS zote.