ANTRENERE ANACHAGUA MBELE, SISI TUNAHUKUMU NYUMA



Wengi wenu munatuuliza: barua iko wapi? Munakumbuka kama kiisha ile machi ya siku ya posho, tuliposhindwa 2 kwa 1 hapa kwetu, wanafunzi walikusanyika na kuandika barua juu ya mwalimu anayeongoza ekipi yetu. Wanaomba aachishwe kazi hiyo. Walituletea karatasi tuichape katika gazeti. Iko na majina 64. Hatujaichapa, na leo tunaeleza sababu. Lakini kwanza tutawapeleka mbali kidogo, mpaka Marekani, maana kule mambo haya ya kukasirikia antrenere wa shule yamekuwa makubwa kupita yetu, na kuna fundisho ndani.

Tuungame mbele ya yote: sisi wa gazeti tulikuwa kiwanjani vilevile. Wakati mwalimu alipomutoa mufungaji wetu, zikibaki dakika 20, na kumwingiza mutoto wa mwaka wa tatu, sisi pia tulipiga kelele: "Hapana! Hapana!" Mumoja wetu alitupa kofia chini. Basi hatusemi kama watu wasio na kosa.

1. Mupira wa vyuo vya Marekani

Kule Marekani, vyuo vikuu, ni kusema univerisite, viko na ekipi zinazopendwa sana na watu. Mupira wao si kama wetu. Wanaushika mikononi, wanakimbia nao, wanautupa kwa mwenzao. Ekipi ikifikisha mupira mwisho wa kiwanja cha adui, inapata pointi 6. Kiisha inapewa nafasi ya kuongeza, na hapo antrenere anachagua. Wakipiga mupira kwa muguu upite katikati ya miti ya goli, wanapata pointi 1. Hiyo ni rahisi. Wakijaribu tena kuuingiza kwa kukimbia ao kwa kutupa, wanapata pointi 2. Hiyo ni nguvu, na mara nyingi inakosa. Mulishike neno hili, tutalirudilia.

Tutazame chuo kimoja tu, kile cha Nebraska, katika muji wa Lincoln. Jimbo la Nebraska ni la wakulima na wafugaji, na halina ekipi kubwa ya watu wa mushahara. Kwa hiyo jimbo zima linashikamana na ekipi ya wanafunzi. Tangu mwaka 1962 bileti za kila machi ya nyumbani zimekuwa zikinunuliwa zote, katika kiwanja kinachoingiza watu zaidi ya 80,000. Mutoto anarizi kiti cha baba yake pale. Mutu akipenda kitu namna hiyo, munajua hasira yake itakuwa kubwa namna gani.

2. Chaguo la Tom Osborne

Antrenere wa Nebraska kutoka 1973 mpaka 1997 aliitwa Tom Osborne. Tarehe 2 Januari 1984 ekipi yake ilicheza na chuo cha Miami, kule kwao Miami. Nebraska walikuwa wamecheza machi 12 na kushinda zote. Lakini siku ile Miami waliwatangulia, wakafika 31 kwa 17. Nebraska wakarudi pole pole: 31 kwa 24. Zikibaki sekunde 48, muchezaji Jeff Smith alikimbia na mupira mpaka mwisho: 31 kwa 30.

Sasa munaona shida. Wakipiga kwa muguu, wanalingana, 31 kwa 31. Wakati ule katika mupira wa vyuo hapakuwa dakika za kuongeza. Hizo zilianza mwaka 1996. Tena taji la inchi lilitolewa kwa kura, na karibu wote waliona kama kwa kulingana tu Nebraska wangepewa taji, kwa maana hawakushindwa hata mara moja. Osborne alijua hayo yote. Alichagua pointi 2. Alitaka kushinda machi ile, si kupata taji kwa kulingana. Turner Gill akatupa mupira kwa Jeff Smith, muchezaji wa Miami Ken Calhoun akaugusa kwa vidole, mupira ukaanguka chini. Machi ikaisha 31 kwa 30, na taji likaenda Miami.

Je, Osborne alikosea? Watu wanabishana mpaka leo. Wengi walimusifu kama mutu asiyeogopa. Wengine walinunika: pointi 1 tu, na taji lilikuwa mukononi! Na manung'uniko hayo yalikuwa na mizizi ya zamani. Katika miaka yake mitano ya kwanza Osborne alishindwa na adui wao mukubwa, Oklahoma, kila mwaka. Baadaye akashindwa katika machi saba za mwisho wa mwaka zikifuatana. Watu wakasema: huyu hajui kushinda machi kubwa. Wakubwa wa chuo walisikia, lakini hawakumwondoa.

Tarehe 1 Januari 1995 akarudi Miami, kiwanja kile kile, adui yule yule. Alianza na Tommie Frazier, kijana aliyekuwa amekaa inje machi nyingi za mwaka ule wa muchezo kwa ugonjwa wa damu kuganda muguuni. Mambo hayakuenda vizuri, akamutoa na kumwingiza Brook Berringer. Katika kipindi cha mwisho, wakiwa nyuma 17 kwa 9, akamutoa Berringer na kumurudisha Frazier. Muwaze kelele ambazo sisi tungepiga! Nebraska wakashinda 24 kwa 17, wakapata taji. Walipata tena kwa mwaka wa muchezo wa 1995 na wa 1997.

Mutu ni yule yule. Mwaka 1984 alichagua na ikakosa, mwaka 1995 alichagua na ikafaa. Sisi wa kando ya kiwanja tunaona matunda tu. Yeye anapaswa kuchagua wakati matunda hayajaonekana.

3. Sababu gani hasira inamwangukia antrenere?

Sababu ya kwanza: wachezaji ni wanafunzi. Mutu mukubwa anaona haya kumutukana kijana wa miaka 19. Basi hasira inamutafuta mukubwa wake.

Sababu ya pili ni feza. Zamani wachezaji hawakupata mushahara. Tangu 2021 waliruhusiwa kupata feza kwa njia ya jina lao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini antrenere alilipwa siku nyingi, tena sana. Katika majimbo mengi ya Marekani, mutumishi wa serikali ya jimbo anayelipwa kupita wote, hata kupita guvernere, ni antrenere wa chuo. Kwa hiyo watu wanasema: tunamulipa, atupe ushindi.

Sababu ya tatu: chaguo la antrenere linaonekana na wote. Muganga akikosea dawa, wachache wanajua. Antrenere akibadilisha muchezaji, watu 80,000 wanaona pamoja, na kila mutu anafikiri angefanya vizuri kupita yeye.

4. Walipofuata hasira

Kiisha Osborne kupumzika, musaidizi wake Frank Solich alishika kazi mwaka 1998. Katika miaka sita alishinda machi 58 na kushindwa 19. Mwaka 2003, chini yake, ekipi ilishinda 9 na kushindwa 3. Kwa chuo kingine ingekuwa furaha. Kwa Nebraska, watu waliozoea mataji, haikutosha. Walimufukuza Novemba ile, siku moja tu kiisha kushinda Colorado.

Ikawa nini? Mwaka uliofuata, kwa antrenere mupya, walishinda 5 na kushindwa 6. Hawakuwa wameshindwa zaidi ya kushinda tangu 1961. Huyo naye akaondolewa mwaka 2007. Akaja Bo Pelini, ambaye kila mwaka hakupungua ushindi 9. Mwaka 2014, kwa 9 kwa 3 ile ile, wakamufukuza. Waliomufuata hawakufanya vizuri: kutoka 2017 mpaka 2023, miaka saba, kila mwaka ekipi ilishindwa mara nyingi kupita kushinda.

Na kufukuza kuna bei. Chuo cha Texas A&M kilimwondoa antrenere wake Jimbo Fisher Novemba 2023. Kwa sababu ya mapatano yaliyoandikwa, chuo kilibaki na deni kwake la dolari karibu milioni 76, feza za kumulipa mutu asifanye kazi.

Hatusemi kama antrenere asiondolewe hata kidogo. Kuna anayekosa kweli, kuna anayetesa wachezaji, huyo aende. Tunasema kama hasira ya siku moja si kipimo. Wale wa Nebraska walijua vizuri nani hawamutaki. Hawakujua nani anakuja.

5. Hata kwetu

Musifikiri haya ni ya Wamarekani tu. Waulizeni wazee juu ya tarehe 18 Juni 1974. Inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani, na siku ile ilikutana na Yugoslavia. Kiisha goli la tatu, zikiwa zimepita dakika 20 na kidogo, antrenere Blagoje Vidinić alimutoa golikipa Kazadi Mwamba, akamwingiza Tubilandu. Goli la ine likaingia mara moja. Machi ikaisha 9 kwa 0.

Vidinić alikuwa yeye mwenyewe mutu wa Yugoslavia. Basi wengi walisema: ametuuza kwa ndugu zake. Lakini mutu huyu njo aliyetupatia Kombe la Afrika kule Misri, Machi ya mwaka ule ule. Na baadaye wachezaji wenyewe walieleza kama mioyo yao ilikuwa imevunjika siku ile, sababu hawakuona feza walizoahidiwa. Wenye kusikiliza radio hawakujua. Walijua tu kama golikipa ametolewa.

6. Basi, barua yetu?

Tulimwendea mwalimu, tukamuuliza kwa heshima: "Mwalimu, sababu gani ulimutoa?" Alijibu kama tangu siku ya ine alimwona mufungaji wetu akichechemea, na siku ya machi alimwona tena. Aliogopa kuuvunja muguu wa mutoto wa watu kwa ajili ya goli moja. Juu ya yule wa mwaka wa tatu alisema: "Pale nilikosa. Sikumutayarisha mbele."

Tulimwendea mufungaji vilevile. Alisema muguu ulimuuma kweli, lakini angeweza kumaliza. Wote wawili tunawasadiki. Mumoja alijua maumivu yake, mwingine alipaswa kufikiri juu ya kesho ya yule kijana. Na katika majina 64, hakuna hata mumoja aliyekuwa ameuliza mbele ya kuandika. Sisi pia hatukuuliza mbele ya kupiga kelele.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Siku ya tatu inayokuja, kiisha masomo, mwalimu amekubali kukaa nasi katika darasa la mwaka wa sita. Kila mutu ataweza kuuliza, hata maulizo makali, bila matusi. Tuulize: alijua nini wakati ule? Aliogopa nini? Kama angefanya tulivyotaka sisi na tungeshindwa, tungesema nini?

Barua iko katika sanduku letu. Hatukuichoma wala hatukuificha. Mwenye kutaka kuondoa jina lake aje aliondoe, mwenye kutaka kuliacha aliache. Kama kiisha kumusikia mwalimu bado munataka ichapwe, tutaichapa katika gazeti linalofuata, na majina yote yatakuwa chini yake.

Lakini ile kofia iliyotupwa chini, mwenyewe ameiokota na kuipanguza vumbi. Alikuwa wa kwanza kuomba tumwendee mwalimu.

Sisi wa gazeti lenu