Baka Gumu Mwilini mwa Mtoto: Kulitazama Mapema ni Kuhifadhi Amana

Mtoto ni amana, na mama amwogeshaye ndiye huwa wa kwanza kuliona baka ambalo jana halikuwapo: pembeni limeingia wekundu au weusi, katikati limekuwa jeupe mfano wa nta, gumu, halifinyiki kwa vidole. Wako wanaodhani ni choa au mbalanga, na wako wasemao ni kijicho. Huenda ukawa ni ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ambao madaktari huuita mofea, yaani skleroderma ya sehemu.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si adhabu. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Huwapata wasichana zaidi, na kwa kawaida haushiki mapafu wala figo. Lakini kwa mwili ambao ungali unakua, madhara yake si madogo.

Kwa watoto, aina iliyo nyingi ni ya mstari, ishukayo mkononi au mguuni. Hupenya chini ya ngozi ikafikia mafuta, misuli, hata mfupa. Kiungo hudumaa, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko wa pili. Goti au kiwiko kikashikana kisikunjuke. Mstari ukipita kwenye paji la uso, huacha alama mfano wa pigo la upanga, nywele zikanyonyoka mahali hapo, na uso ukaenda upande. Baadhi ya watoto hao hupatwa na kifafa, au uvimbe ndani ya jicho usio na maumivu, nao waweza kupunguza nuru ya macho. Kwa hivyo wapimwe macho mara kwa mara, hata wasipolalamika.

Tiba ipo. Daktari hutoa dawa za kutuliza kinga, kama methotreksati na steroidi, pamoja na mazoezi ya viungo. Huchukua miezi mingi, pengine miaka. Msiikatishe kwa kuwa baka limepoa. Dawa huuzuia ugonjwa usiendelee. Kiungo kilichokwisha dumaa ni vigumu kukirejesha. Hapo ndipo ilipo hasara ya kuchelewa.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Kisomo na dua ni kheri, navyo havizuii hospitali. Asichanjwe chale wala asikandwe kwa moto. Wala msimfiche binti nyumbani kwa haya. Mpelekeni chuoni, naye mwalimu awakanye wenziwe wasimcheke. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu shifaa, Amin.