Ukipandishiwa dau Malaba, piga hesabu kwanza

Dereva anayetoka Changamwe na kontena la Uganda huendesha zaidi ya kilomita 900 mpaka Malaba, kisha husubiri. Januari 2022 foleni ilifika makumi ya kilomita kwa mzozo wa malipo ya vipimo vya Korona. Foleni ikisimama, Malaba au Busia, karata hutoka. Ukikaribishwa kwenye poka, ielewe kwanza.

Kila mtu hupewa karata mbili, na tano hufunuliwa mezani kwa wote. Ya tano huitwa riva. Baada yake hakuna karata nyingine. Aliyeketi kushoto kwa mgawaji hulazimika kutoa dau dogo kabla hajaona kitu, na karata za mezani zikianza kufunuliwa, yeye ndiye husema kwanza. Ni kiti kibaya. Njia yake kubwa kwenye riva ni kupita kimya kana kwamba hana kitu, kisha mwenzake akiweka pesa, ampandishie.

Tuseme mezani pana shilingi 600. Umepita, mwenzio ameweka 300, nawe unapandisha hadi 1,000. Unahatarisha 1,000 ili ule 900. Ikiwa huna kitu, lazima akimbie angalau mara 53 katika 100, la sivyo unakula hasara. Yeye anaongeza 700 tu kugombea 1,900. Akishinda mara 27 katika 100, hajapoteza kitu kwa kulipa.

Ndiyo maana wajuzi, kwa dau la kiasi hiki, hupandisha hewa mara moja kwa kila mara tatu za karata za kweli. Na hewa yenyewe huchaguliwa. Mezani pakiwa na kopa tatu, nawe umeshika ree ya kopa na karata ya shupaza, kopa tano huna, lakini unajua mwenzio hana ile kopa kubwa kuliko zote. Hapo kutishia kuna maana.

Lakini hesabu hii yataka mpinzani anayekubali kutupa karata. Aliyekwisha kuliwa nusu ya pesa za njiani hakimbii. Hulipa ili aone tu. Huyo usimtishie, mpandishie ukiwa nazo. Nawe ukiwa upande wa pili, mtu aliyenyamaza mchezo mzima akakupandishia kwenye riva, mara nyingi anazo. Tupa karata, uokoe 700 zako.

Liko na jengine. Sheria ya Kenya hairuhusu kamari ya pesa mahali pasipo na leseni, na kwa Muislamu ni haramu hata penye leseni. Uzuri ni kwamba hesabu hizi hazibadiliki mkichezea njiti za kiberiti. Pesa za njiani ni chakula chako mpaka Kampala na matumizi ya walioko nyumbani Mombasa. Hizo zisiguse meza.