Samadi au chumvichumvi ndani ya kitalu nyumba?

Tuanze na hesabu, kwa sababu mjadala huu watu huuanza na imani. Kitalu nyumba kidogo cha mita 8 kwa 15, kile kinachouzwa pamoja na tanki na mipira ya matone, hubeba miche 500 hivi ya nyanya. Mche ukitoa kilo 5, na hapo hujafanya maajabu, utavuna tani 2 na nusu. Kila tani ya nyanya hukomba kati ya kilo 2 na 3 za nitrojeni, ukijumlisha matunda, majani na shina. Msimu mmoja, basi, unataka kilo 6 hivi za nitrojeni.

Ukizitafuta dukani, kilo 6 hizo zimo ndani ya kilo 39 za kalsiamu naitreti, ambayo nitrojeni yake ni asilimia 15.5. Gunia moja la kilo 50 linatosha na kubaki. Ukizitafuta zizini, hesabu inageuka. Samadi ya ng'ombe iliyokauka kabisa ina nitrojeni ya asilimia 1 hadi 2, na theluthi moja tu ya hiyo ndiyo inayofunguka katika msimu wa kwanza. Halafu samadi unayoisomba si kavu. Karibu nusu ya uzito wake ni maji. Piga mahesabu mpaka mwisho utapata tani 2.4, yaani toroli 40 za kilo 60 kila moja, zimwagwe kwenye mita za mraba 120. Ni kweli udongo wenyewe una akiba yake, kwa hiyo si lazima yote yatoke kwenye gunia au kwenye toroli. Lakini uwiano ndio huo, na unaeleza kwa nini wenye vitalu nyumba wengi huanza na samadi na kuishia kwenye duka la pembejeo.

Mzizi wenyewe haubagui. Hauli samadi wala hauli mbolea ya kiwandani. Unafyonza nitrojeni iliyoyeyuka majini, zaidi ikiwa naitreti na kidogo ikiwa amonia, na naitreti iliyotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe haina tofauti yoyote na iliyotoka kiwandani. Kinachotofautiana ni muda. Naitreti ya dukani ni wali uliokwisha pakuliwa; samadi ni mpunga ulioko ghalani, unaosubiri kutwangwa. Watwangaji ni bakteria na kuvu wa udongoni, nao hufanya kazi kwa joto, kwa unyevu na kwa hewa, bila kujali mche wako una haraka kiasi gani. Nyanya hukomba chakula kwa kasi kubwa kuanzia maua yanapofunga hadi matunda yanaponenepa, wiki chache tu. Wiki hizo zikikuta watwangaji wamelala, mavuno yamepungua, hata kama udongo umejaa nitrojeni.

Hilo linaonekana wazi kwenye tafiti za mashamba ya wazi. Mwaka 2012 Verena Seufert na wenzake walikusanya majaribio mengi ya nchi mbalimbali na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature: kwa wastani kilimo hai kilitoa mazao pungufu kwa asilimia 25 kuliko kilimo cha kawaida. Wastani huo, hata hivyo, umeficha mengi. Kwenye matunda pengo lilikuwa asilimia 3 tu, kwenye mboga likafika 33. Mwembe una mizizi mirefu na miaka mingi ya kusubiri. Kabichi haina subira hiyo. Huko Therwil, karibu na Basel nchini Uswisi, jaribio lililoanza mwaka 1978 liliwahi kuonyesha kwamba katika miaka 21 mashamba ya kilimo hai yalitoa mazao pungufu kwa asilimia 20, huku udongo wake ukiwa na uhai mwingi zaidi. Mkulima anayelima kipande kimoja maisha yake yote ana sababu ya kuitazama sana hiyo sehemu ya pili.

Tatizo ni kwamba mwenye kitalu nyumba hawezi kuyabeba matokeo hayo kama yalivyo. Paa la plastiki linabadilisha kanuni.

Kwanza, mvua haiingii. Nje, masika yanasafisha udongo na kushusha chumvi iliyozidi chini ya mizizi. Ndani, kila kinachowekwa na mche usikitumie kinabaki palepale, na maji yanapopanda na kukauka kinaachwa juu. Ingia katika kitalu nyumba cha miaka mitatu au minne, funua nyasi za matandazo pembeni mwa tuta, utauona utando mweupe. Wengi wakiuona huzilaumu mbolea za dukani. Mara nyingi wana haki, lakini samadi ya kuku huleta utando uleule, tena haraka. Rudi kwenye zile toroli 40: ukitegemea samadi peke yake ili kutosheleza nitrojeni, pamoja nayo unakuwa umeweka fosforasi mara kadhaa ya mahitaji ya nyanya, na potasiamu zaidi ya inayotakiwa. Rudia kila msimu, na baada ya misimu michache mche utanyauka saa sita mchana ilhali udongo umelowa, kwa sababu chumvi inauzuia mzizi kuvuta maji.

Pili, hewa haitembei kama nje. Samadi ya kuku isiyoiva hutoa gesi ya amonia, na chini ya plastiki iliyofungwa gesi hiyo inababua kingo za majani ndani ya siku chache. Shambani isingefanya lolote, upepo ungeichukua. Ndiyo maana nasisitiza samadi iive nje, kwenye lundo linalogeuzwa. Viwango vya kilimo hai vya Marekani vinataka lundo refu la mboji lidumu kwenye nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15 na ligeuzwe mara tano. Ukiwa na kipimajoto cha fimbo si kazi ngumu. Viwango hivyohivyo vinataka samadi mbichi iwekwe angalau siku 90 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa haigusi udongo, na siku 120 kama inagusa. Hapo kinachoogopwa ni vimelea vya kuhara.

Tatu, na hili ndilo linaloamua mengi, mizizi inabanwa. Nyanya iliyo ardhini, kwenye tuta lililolimwa kwa kina, ina udongo mwingi wa kutafuta chakula, na watwangaji wetu wana nafasi ya kutosha. Nyanya iliyo kwenye mfuko wa lita 10 haina. Mfuko huo haubebi samadi ya kutosha kulisha mche mpaka mwisho bila kuunguza mizizi mwanzoni. Kwa hiyo jibu langu kuhusu mavuno linategemea mche umekaa wapi. Kwenye tuta lenye udongo mzuri uliolishwa mboji kwa miaka kadhaa, mkulima hodari wa kilimo hai anaweza kulipunguza pengo mpaka lisionekane. Kwenye mfuko au ndoo, mbolea ya kuyeyusha itashinda.

Wako wanaolowesha samadi au majani ya alizeti pori kwenye pipa na kumwagilia maji yake. Inafaa kwa vikombe na kopo, mche kwa mche. Ukiyapitisha maji hayo kwenye mipira ya matone bila kuyachuja sawasawa, utatumia Jumamosi nzima ukizibua vitundu kwa sindano.

Tusidhani basi kwamba anayetumia chumvichumvi amemaliza kazi. Makosa yake nayo yanajulikana. La kwanza ni urea. Ni rahisi, ina nitrojeni asilimia 46, na ipo kila duka, lakini inageuka kwanza kuwa amonia, na amonia ikizidi mizizini inashindana na kalsiamu. Nyanya inakua vizuri, inafikia ukubwa wa yai, kisha chini kabisa, upande wa pili wa kikonyo, linatokea doa la maji, linakuwa la kahawia, linadidimia na kuwa jeusi kama ngozi ya kiatu. Huko ndiko kuoza kitako. Hakuna fangasi wala mdudu hapo, na dawa yoyote utakayopulizia ni hela iliyopotea. Chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, ama kwa sababu umezidisha amonia, ama, na hii ndiyo sababu ya kawaida zaidi, kwa sababu unamwagilia leo kupita kiasi na kesho kutwa unasahau. Samadi inasaidia kidogo hapa, maana udongo wenye mboji unashika maji na kusawazisha uzembe wetu.

Kosa la pili ni kulisha kwa kukisia. Kipima chumvi cha mfukoni si ghali ukikilinganisha na plastiki yenyewe ya kitalu. Maji ya kulisha nyanya huwekwa kwenye kati ya 2 na 3.5 katika kipimo cha milisimensi kwa sentimita. Ukivuka hapo matunda yanakuwa madogo, ingawa yanakuwa matamu zaidi. Hilo liwafikie wale wanaoapa kwamba nyanya ya samadi ndiyo pekee yenye ladha: utamu hutokana zaidi na aina ya mbegu, kiasi cha maji na chumvi iliyomo kwenye maji hayo, na tunda kuachwa liive kwenye mche badala ya kuchumwa kijani kwa ajili ya safari ya sokoni.

Kuna adui mwingine ambaye ameamua mjadala huu kwa wakulima wengi bila kuwauliza: mnyauko bakteria. Ukiingia kwenye udongo wa kitalu nyumba, mche unanyauka ukiwa bado wa kijani, na ukikata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi unaona uzi mweupe wa maziwa ukishuka polepole. Hakuna samadi wala chumvichumvi inayoutibu. Walioathirika wengi waliuacha udongo na kuhamia kwenye mifuko ya makapi ya nazi au kokoto nyepesi za volkano, zile ambazo mashamba ya maua ya Naivasha yamezizoea. Kokoto hizo hazina chakula, na makapi ya nazi nayo karibu hayana. Aliyehamia huko amekwisha chagua mbolea ya kuyeyusha, apende asipende.

Na pengine amechagua na soko lake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake namba 848 ya mwaka 2018, unataka zao la kilimo hai liote kwenye udongo hai ulioungana na ardhi ya chini. Marekani wameruhusu hata mazao yasiyogusa udongo yapewe nembo ya kilimo hai, na kesi iliyofunguliwa kupinga jambo hilo ilishindwa mahakamani. Sisi Afrika Mashariki tuna kiwango chetu tangu 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai. Kabla ya kutumia miaka miwili mitatu kuachana na mbolea za dukani, mtafute kwanza mnunuzi anayeijua nembo hiyo na atakayelipa zaidi. Muuza genge wa mtaani hatakuuliza.

Tena tusiipe mbolea, ya aina yoyote, sifa isiyo yake. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California walitoa kijitabu kuhusu kulima bila udongo, wakati magazeti ya Marekani yalipokuwa yakiahidi miujiza. Walilinganisha, wakasema kwamba udongo wenye rutuba nzuri na maji yenye virutubisho havitofautiani sana kwa mavuno iwapo mwanga na hali ya hewa ni sawa. Waholanzi wanaovuna zaidi ya kilo 50 za nyanya kwa mita moja ya mraba kwa mwaka hawazipati kwa mbolea peke yake. Wana vioo safi, hewa ya ukaa wanayoiongeza, joto linalodhibitiwa na msimu wa karibu mwaka mzima. Kanuni yao ya mkononi ni kwamba mwanga ukipungua asilimia 1, mavuno hupungua asilimia 1. Sasa itazame plastiki ya kitalu chako, iliyojaa vumbi na ukungu wa kijani. Kuiosha kwa ndoo ya maji na sifongo kunaweza kukuongezea nyanya kuliko chupa ya busta unayoshawishiwa kuinunua.

Ningekuwa na kitalu cha mita 8 kwa 15 chenye udongo usio na mnyauko, ningeweka toroli 10 hadi 15 za samadi iliyoiva kabla ya kupanda, kwa ajili ya udongo zaidi kuliko kwa ajili ya mche, kisha nitrojeni na potasiamu iliyobaki ningeipitisha kwenye matone kidogokidogo kuanzia maua ya kwanza. Mchanganyiko wa namna hiyo si uasi kwa upande wowote. Hata viwandani unafanywa, kama mbolea za Fomi zilizoanzia Burundi na sasa zinatengenezwa pia Dodoma, ambazo huchanganya samadi na madini. Mara moja kwa mwaka, kati ya msimu na msimu, ningefurikisha matuta kwa maji mengi ili chumvi ishuke.

Lakini kiasi hicho ni cha kukisia mpaka udongo upimwe. Chota udongo sehemu kumi tofauti ndani ya kitalu, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati, maana zinki ya bati inaharibu kipimo. Peleka nusu kilo kwenye maabara ya udongo: TARI Mlingano kule Tanga, au SUA Morogoro, au kama uko Kenya, KALRO Kabete. Waombe wapime tindikali, fosforasi, potasiamu na chumvi. Majibu yakitoka ndipo uamue toroli ngapi na magunia mangapi.