Kusoma na Kusomewa: Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia katika somo hili huja aghalabu na swali moja: kipi bora, kitabu cha kushika mkononi au cha kusikiliza? Karibu nalo. Ila kabla ya kulijibu, litazame neno lenyewe. Watu waliokaa mkekani wakighani Barzanji kwa ghibu, bila karatasi mbele yao, twasema wanasoma maulidi. Mzee anayekariri Kurani gizani anasoma. Kusoma kwetu hakujawahi kuwa kazi ya jicho peke yake, na ndiyo maana somo hili lina utamu wa pekee katika Kiswahili.

Chukua miswada ya kale ya Pate, Lamu na Siyu. Iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa asili zina alama tatu za irabu fupi, ilhali irabu zetu ni tano. Basi “kesha” na “kisha” ziliweza kuandikwa sawasawa, na “chuma” isitofautiane na “choma”. Aliyeshika waraka kama huo bila kuwahi kuusikia utenzi wake alikuwa na kazi ngumu. Mjuzi wa utenzi aliyatambua maneno kwa sababu masikio yake yalikwisha kuyapokea; waraka ulimkumbusha tu.

Shuleni tumezoea jedwali la safu mbili: fasihi simulizi huku, fasihi andishi kule. Kitabu cha kusikiliza kinalivuruga. Matini yake imeandikwa na haibadiliki, lakini inafika kwa sauti ya mtu. Na mtu huyo hakuoni. Mtambaji wa hadithi akisema “Paukwa!” hungoja aitikiwe “Pakawa!” ndipo aendelee. Sauti iliyorekodiwa haingoji. Hapa pana aina ya tatu ya usimulizi ambayo bado haijapata nadharia yake kamili katika lugha yetu, na natamani sana msomaji wa kitabu hiki awe mmoja wa watakaoijenga.

Wapo wanaoidharau njia hii ya kusikiliza. Huko Uingereza, santuri za vitabu zilianza kutolewa mwaka 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwamo wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo anayedai kwamba kusikiliza ni njia ya wavivu hajui njia hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya nani.

Kisha liko suala la kiimbo. “Mama amerudi” ni taarifa. Paza sauti kidogo mwishoni, ni swali. Karatasi ina alama yake ya kuuliza, lakini haina alama ya uchungu, wala ya mzaha. Msomaji wa kimya huamua mwenyewe. Anayesomewa hukuta uamuzi umekwisha kufanywa. Mara nyingine uamuzi huo humfungulia ukurasa alioupita mara kumi. Mara nyingine humnyima mhusika aliyekuwa akimjenga kichwani.

Mimi nina upande wangu, na si mmoja. Hotuba za Karama katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni maneno ya kusemwa barazani, lakini nazitaka katika karatasi, na penseli mkononi, kwa kuwa hoja zake hunirudisha nyuma kila mara. Utenzi sitaki kuusoma kimya. Nikiusoma kimya nakimbilia maana, na kile kina kinachofunga kila ubeti, toka wa kwanza hadi wa mwisho, nakiona tu bila kukingojea. Mwenye kusikia hukingoja.

Kwa hiyo sura ya kwanza haianzi na mashine. Inaanza mwaka 1858, kwa Mwana Kupona, mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Utenzi wake unafunguka kwa kumwita binti yake asogee karibu, ashike wino na karatasi, kwa kuwa mama ana maneno ya kumwambia.